Mwachie Mwalimu Chaki Yake

Mwende mwanangu,

Umeenda Kiuu kumuaga cucu, nyanya yako, na ninamjua, hatakuachilia kabla hajakulisha mara mbili. Basi nimepata nafasi. Baba yako yuko nje analifunga sanduku lako kamba upya kwa sababu nilivyolifunga mimi havikumridhisha, na nyumba imetulia. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha iliyotulea sote humu ndani, maana Kikuyu changu na Kikamba cha baba yako havijaelewana mpaka leo.

Habari ya maji ya kuchemsha na blanketi sitaandika. Kitui kuna shangazi zako, hayo watakuambia, tena kwa kelele. Nataka kukuandikia juu ya kazi unayoiendea. Juzi uliniuliza, "Mama, walimu wenyewe watanipokea?" nami nikajifanya natafuta kifuniko cha sufuria. Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa refu tu.

Utakuwa mwalimu asiye na darasa. Utazunguka shule kwa shule, ukae nyuma, umtazame mwenzako akiwafundisha watoto kusoma, halafu umsaidie. Chuoni wamekufundisha mengi juu ya huyo anayekaa nyuma. Mimi nilikuwa yule anayesimama mbele. Hicho ndicho nilicho nacho cha kukupa.

Unaikumbuka shule yetu ya shamba la kahawa, upande wa Mugutha, jinsi ilivyokuwa mwanzoni: kuta za udongo na mabati yaliyotunyamazisha sote mvua ikinyesha. Watoto walikuwa wa wachumaji kahawa. Wakikuyu wengi, Wakamba, Wajaluo, Waluhya, kila mmoja na lugha ya mama yake, na kitabu chetu kilikuwa cha Kiswahili. Mimi nilikuwa na sauti. Naandika ubaoni, nasoma, wao wanaitikia. "Baba anakula ugali." "Baba anakula ugali!" Tulisikika mpaka kwenye mashine ya kumenya kahawa. Nyapara akipita ananiambia, "Mwalimu Wangari, hawa watoto wako wanasoma kama redio." Nilikuwa narudi nyumbani shingo imenyooka.

Siku moja mwenye shamba, yule Mzungu tuliyemwita Bwana Mrefu, alileta wageni wake darasani. Akataka mtoto mmoja asome. Nikamtoa Zakaria, mtoto wa mpishi wake, aliyekuwa wa kwanza darasani. Mama yake Zakaria alitoka pwani, na Kiswahili cha mtoto kilikuwa safi. Bwana akampa kipande cha gazeti alichokuwa nacho mfukoni. Zakaria akakishika kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akasoma kwa sauti ya kupendeza: "Baba anakula ugali. Mama anateka maji. Mtoto anacheza." Ukurasa wetu wa kwanza wote, hakuacha neno. Kwenye kile kipande palikuwa na tangazo la sabuni.

Wageni walicheka. Bwana Mrefu hakucheka. Alimwita Mwalimu Njoroge, mwalimu wetu mkuu, wakasimama nje kwenye jua, na kila neno nililisikia. Mavuno yakiisha atarudi. Kama watoto hawawezi kusoma, darasa la kwanza litafungwa, chumba atakiweka magunia, na watoto wataenda kuchuma kahawa na mama zao.

Siku hiyo nilifika nyumbani sikupika. Wewe ulikoroga uji ukaungua, tukaunywa hivyo hivyo, na baba yako akausifu.

Mwalimu Njoroge aliandika kwa wakubwa wa elimu kuomba msaada, na msaada uliokuja ulikuwa Mwalimu Mghoi. Mtaita, mwanamke mwembamba, mdogo kwangu kwa umri. Alishuka kwenye treni hapo Ruiru akatembea mpaka shambani, viatu mkononi, akavivaa alipofika langoni. Watoto walimwita Mwarimu Mgoi. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Baadaye nilijua kwamba aliugua koo, akapasuliwa, na sauti haikurudi. Hakuweza tena kulisimamia darasa, ndipo akapewa kazi ya kuzunguka.

Mwende, nilimchukia kabla hajaketi. Nataka ulijue hilo, maana utaingia kwenye madarasa na utachukiwa hivyo hivyo na watu wema. Aliketi nyuma kabisa juu ya debe lililopinduliwa, katikati ya watoto, magoti yakimfika kidevuni. Nami nikaonyesha kila nilichokuwa nacho. Nilisomesha kwa sauti mpaka jasho likanitoka. Kila nikigeuka namwona anawatazama watoto. Mimi hata hakunitazama, nalo hilo likaniudhi.

Wakati wa mapumziko aliniambia, "Zakaria nimemsikia. Yule wa leso ya kijani, anasomaje?"

"Wambui? Anasoma."

"Akiwa peke yake?"

Sikuwa nimewahi kumsikia Wambui peke yake. Nilipofikiri zaidi, sikuwa nimewahi kumsikia mtoto yeyote peke yake, ila Zakaria.

Nilingoja aniambie, "Unaona sasa." Hakuniambia. Alisema, "Kesho mimi nitakaa na darasa, waandike herufi kwenye vibao vyao. Wewe keti pale mlangoni penye mwanga uwaite mmoja mmoja."

"Kwa nini usiwasikilize wewe? Si ndiyo kazi iliyokuleta?"

"Mimi nitaondoka, Mwalimu. Wewe ndiye utakayebaki nao."

Basi kesho yake nikaketi mlangoni. Mwanangu, sijui nikueleze vipi asubuhi ile. Watoto niliokuwa nao tangu mwanzo wa mwaka walikuja mbele yangu kama wageni. Mmoja alishika kitabu juu chini, akasoma bila kusita. Mwingine alijua herufi zote lakini hakujua kwamba zikikaa pamoja zinakuwa neno. Zakaria nilimwekea kidole kwenye neno "maji," akaniambia "ugali," kwa ile sauti yake tamu. Alikuwa amekariri kitabu chote kwa masikio tu, na mimi nilikuwa nimempa namba moja.

Halafu akaja Wambui. Akaweka kidole chini ya kila neno, polepole, paji limekunjamana. "Baba... anakura... ugari."

Nilikuwa na rula mkononi. Nikamgonga vidole. "Anakula! Ugali! Sema tena."

"Anakura."

Nikainua rula tena. Mwalimu Mghoi alikuwa amesogea, sijui saa ngapi. Hakuishika rula yangu, wala hakunikataza mbele ya mtoto. Alichuchumaa akamuuliza Wambui, "Baba anafanya nini?"

Wambui akajifanya anamega tonge, akalitia mdomoni, akatafuna.

Mwalimu Mghoi akanitazama, akarudi kwa watoto wake. Basi. Nilibaki na rula yangu. Mtoto alikuwa amesoma. Alisoma kwa ulimi wa Kikuyu aliopewa na mama yake, ulimi ule ule niliopewa mimi, maana mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo nilisema "anakura" kama Wambui mpaka nikafundishwa kuona haya. Nilikuwa nimemchapa aliyesoma na kumsifu asiyesoma, kwa sababu nilikuwa nasikiliza sauti tu.

Usidhani tulipatana siku hiyo. Alipotaka tukiweke kitabu kando kwa muda, tuwaandikie watoto maneno yao wenyewe, majina yao, debe, karai, uji, kahawa, nilikataa. Nilimwambia maneno mabaya. "Wewe huna darasa. Likiharibika utapanda treni yako uende." Akanijibu kwa kile kisauti chake, "Ni kweli. Darasa ni lako. Ukitaka kujaribu, niko hapa. Usipotaka, niambie unachotaka nikusaidie." Nikaona haya, lakini sikubadili. Sikuwa namwamini. Kila jioni akiondoka nilijiuliza anaenda kumwambia nani habari zangu.

Kilichonibadilisha ni hiki. Katikati ya mavuno Bwana Mrefu alipita shuleni, Mwalimu Njoroge nyuma yake. Akamkuta Mwalimu Mghoi juu ya debe lake, akamwambia kwa kile Kiswahili cha Wazungu wa mashamba, "Wewe nakaa hapa siku mingi. Sema, huyu mwalimu nafaa, ama hapana?"

Mimi nilikuwa nimesimama ubaoni, chaki mkononi.

Mwalimu Mghoi akasimama. "Bwana, mimi nimetumwa kumsaidia. Kumpima si kazi yangu. Ukitaka kujua anafundishaje, debe hili hapa, keti umsikilize."

"Mimi nauliza wewe."

"Nimesikia, Bwana. Sina jibu la kukupa."

Bwana Mrefu aliondoka kwa hasira, akawaandikia wakubwa wa elimu, naye Mwalimu Mghoi akagombezwa sana. Yeye hakuniambia. Nilisikia kwa Mwalimu Njoroge. Na fikiria: alikuwa na maneno ya kutosha ya kuniondoa kazini siku ile. Kitabu kilichoshikwa juu chini alikiona. Rula aliiona.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa namficha makosa yangu. Baada ya hapo nikawa namwonyesha. Nilimwita mwenyewe, njoo uone hapa, huyu anachanganya b na d, nimejaribu kila njia. Mara nyingine alijua la kufanya. Mara nyingine alisema, "Hata mimi sijui. Tujaribu pamoja," nasi tukajaribu, tukashindwa, tukacheka, tukajaribu jingine. Tukaandika yale maneno ya watoto ubaoni. Alikaa na wanne watano chini ya dirisha, mimi nikamtazama anavyowafanyia, kesho yake mimi nikakaa nao, yeye akanitazama. Ubao hakuugusa kamwe. Nilimpa chaki siku moja nikiwa nimechoka, nikamwambia, "Nionyeshe wewe mbele ya wote." Akairudisha mkononi mwangu. "Sauti yangu haifiki nyuma," alisema. Nadhani hata kama ingefika angeirudisha.

Bwana Mrefu alirudi kama alivyosema. Siku hiyo Mwalimu Mghoi alikuwa ametumwa shule nyingine, mbali, upande wa Thika. Nilikuwa peke yangu. Bwana akachukua chaki akaandika ubaoni sentensi yake mwenyewe: Mbwa analala mlangoni. Akamwonyesha Wambui kidole, labda kwa sababu ya ile leso ya kijani.

Wambui akasimama. Paji likakunjamana. "Mbwa... anarara... mrangoni."

"Hapana," Bwana akasema. "Makosa."

Mwende, nilijikuta nasema, "Bwana, muulize mbwa anafanya nini."

Akamuuliza. Na yule mtoto akaondoka mahali pake, akaenda mpaka mlangoni, akajikunja pale chini vumbini, akafumba macho, akakoroma. Darasa zima likaangua kicheko. Bwana Mrefu alimtazama kwa muda, halafu mdomo ukamcheza.

Akaita wengine. Si wote waliosoma, sitakudanganya. Zakaria alisoma "mbwa," akakwama, akalia, nami nikamwambia aketi tu. Lakini waliosoma walikuwa wengi, na walikuwa wanasoma kweli, kila mmoja kwa ulimi wake. Bwana Mrefu akapangusa chaki kwenye suruali. "Haya," akasema. "Watoto nakaa. Magunia nitaweka mahali ingine."

Nilitamani Mwalimu Mghoi angekuwepo. Kazi yako mpya itakuwa hivyo, mwanangu. Siku ya furaha mara nyingi utakuwa njiani kwenda shule nyingine.

Haukupita muda hali ya hatari ikatangazwa, na yaliyofuata unayajua, ulikuwa mkubwa. Pasi za kusafiria, malori, watu kuhamishwa. Mwalimu Mghoi hakuruhusiwa tena kuja kwetu. Wambui na wazazi wake walipakiwa kwenye lori na wengine asubuhi moja, na mpaka leo sijui walipelekwa wapi. Nikiona leso ya kijani popote pale huwa natazama uso.

Mwalimu Mghoi nilimwona mara moja tu baadaye. Nilikuwa nimempelekea baba yako chakula kazini kwake, hapo stesheni ya Ruiru, treni ikasimama, nikasikia mtu anagonga dirisha la daraja la tatu. Alikuwa amekonda zaidi. Sauti haikunifikia mpaka nikasogea karibu kabisa.

"Mwalimu! Zakaria je?"

Hakuniuliza habari ya Bwana Mrefu, wala kama darasa lilibaki. "Anasoma," nikamwambia. "Anamsomea mama yake barua zinazotoka pwani." Akacheka, mabega yakitikisika bila sauti. Nilikuwa na asante kubwa imenikaa kifuani tangu siku ile ya debe. Treni ikaanza kwenda, nami nikamwambia, "Funga dirisha, kuna baridi." Hayo ndiyo maneno niliyompa. Ukipata mtu wa kumshukuru huko uendako, mshukuru treni ikiwa bado imesimama.

Sasa nifike kwako, Mwende, na usinikasirikie.

Wewe una akili ya haraka, na moyo wako ni mzuri, na hivyo viwili vikikutana unamrukia mtu kabla hajamaliza neno. Mwezi uliopita baba yako alikuwa anatusomea gazeti pale kwenye kiti chake. Unajua alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, mabehewa yakiwa shule yake, anasoma kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Alifika kwenye neno "halmashauri," akaanza, akarudi, akaanza tena, nawe ukalisema. Ukalisema vizuri, kwa upendo, ukamchukulia gazeti ukamalizia habari yote ili asichoke. Akakuambia, "Asante, mwalimu wangu." Akatabasamu.

Tangu siku hiyo hajatusomea. Hukuliona kwa sababu umekuwa na mambo ya safari. Mimi nimeliona. Gazeti analeta bado, analisoma nje peke yake, midomo ikicheza, na mtu akitokea analikunja.

Sikukugombeza, na sasa sikugombezi. Mimi nilikuwa na rula, wewe ulikuwa na upendo tu. Lakini walimu utakaowakuta huko wengine watakuwa wa umri wa baba yako. Wamefundisha miaka mingi bila mtu wa kuwasikiliza. Watakwama kwenye neno mbele yako, na wewe jibu utakuwa nalo ulimini, na litakuwa sahihi. Ngoja. Kaa kwenye debe lako ungoje. Kama ni lazima useme, uliza kwanza kama anavyouliza mtu asiyejua. Na mtu yeyote mkubwa akikuuliza yupi anafaa na yupi hafai, kumbuka kwamba siku utakayojibu swali hilo, milango yote ya madarasa itakufungia ingawa itakuwa wazi.

Kesho baba yako anakusindikiza kwa treni mpaka Thika, na atakupakia kwenye basi la Kitui mwenyewe. Nimemtilia gazeti kwenye mfuko wa koti bila yeye kujua. Mkishaketi, mwombe akusomee. Atakataa, atasema miwani, atasema moshi. Mwombe tena. Akianza, tazama nje dirishani kwenye kahawa, na popote atakapokwama, Mwende mwanangu, hata kama treni itafika Thika akiwa kwenye neno moja, mwachie neno lake.

Mimi sitakuja stesheni. Nina darasa, na isitoshe stesheni nitalia na wafanyakazi wenzake baba yako watatutania mwaka mzima. Lakini treni ikishatoka Ruiru inapita chini ya shule, unajua, pale penye ua wa mikaratusi. Nitawatoa watoto wote wasimame kando ya reli. Wapungie wao mkono, wapungie sana, watafurahi. Ukiniona nimeinama, usijali. Nitakuwa namfunga mtoto kifungo.

Mama yako,
Wangari